Zaka ya duka: namna ya kuihesabu na kuifikisha kwa wenyewe

Mwenye duka anaweza kugawa sarafu kila Ijumaa, akafuturisha mtaa mzima mwezi wa Ramadhani, akachangia bati la msikiti, na mwaka ukaisha bado anadaiwa zaka yake yote. Aliyoyafanya ni sadaka, na malipo yake yapo kwa Mola wake. Zaka ni haki ya watu maalumu iliyomo ndani ya mali yake: ina kiwango, ina tarehe, ina nia, na isipowafikia wenyewe inabaki shingoni mwake kama deni jingine lolote. Ilifaradhishwa Madina mwaka wa 2 wa Hijra. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimweleza kazi yake kwa maneno machache: ichukuliwe kwa matajiri wao, irudishwe kwa mafakiri wao.

Tumemchagua mwenye duka la rejareja kwa sababu hesabu yake ndiyo inayopotea kwa urahisi. Mali yake imetawanyika: rafuni, stoo, kwenye droo, kwenye simu, kwenye daftari la madeni, kwenye mchezo wa kina mama wa kuchangiana kwa zamu. Tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Pale rai ya madhehebu mengine inapobadilisha kiasi cha kutoa, tumeitaja.

Kwanza, weka tarehe

Zaka ya biashara inawajibika unapotimia mwaka wa mwezi mwandamo tangu siku uliponunua mzigo kwa nia ya kuuza. Kama mtaji ulikuwa fedha taslimu zilizokwisha kufikia nisabu (kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka) na kukaa miezi kadhaa mkononi, miezi hiyo inahesabiwa. Huanzi upya kwa kuwa umefungua duka. Kwa Shafi, kinachoangaliwa kwenye mali ya biashara ni thamani yake mwisho wa mwaka. Duka lililoyumba mwezi wa tano likasimama tena mwezi wa kumi haliponi kwa hoja ya kuyumba.

Mwaka huo ni wa Hijria, wenye siku 354 au 355. Hapa ndipo wengi wanapopunjika bila kujua, au tuseme wanapowapunja wengine. Anayefunga hesabu kila tarehe 31 Desemba anachelewa siku 11 hivi kila mwaka, na miaka 33 ya Miladia ni karibu 34 ya Hijria, kwa hiyo katika umri wa biashara moja ameruka zaka ya mwaka mzima. Kama vitabu vyako lazima vifungwe kwa kalenda ya kawaida, kwa mfano kwa ajili ya kodi, tumia asilimia 2.577 badala ya 2.5, ambayo ndiyo kiwango cha zaka ya biashara, ili kufidia siku hizo.

Uliyesahau siku ulipoanza, kadiria kwa uaminifu, chagua tarehe moja ya Hijria, iandike, na usiihamishe. Watu hupenda Ramadhani, na si vibaya, lakini angalia upande unaosogeza. Tarehe yako ikiwa Shawwal ukatoa Ramadhani, umetanguliza, na kutanguliza zaka ya mwaka mmoja kunaruhusiwa. Ikiwa Rajab ukasubiri Ramadhani, umechelewesha haki ya mtu aliyekuwa na njaa tangu Rajab. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetaka kulipa kidogo kidogo kila mwezi alipe kabla ya tarehe, kisha siku ya hesabu apige mahesabu na kumalizia kilichobaki.

Siku ya kuhesabu mzigo

Funga duka mapema au hesabu usiku. Chukua daftari, mizani na mtu mmoja wa kukusomea. Kila kilichonunuliwa ili kiuzwe kinaingia: katoni za stoo, magunia yaliyofunguliwa (yapime, usiyakisie), vocha, mafuta yaliyobaki kwenye dumu, mzigo ulioulipia ambao bado uko njiani.

Bei ya kuandika ni ile ambayo bidhaa ingeuzwa siku hiyo. Kosa kubwa la wenye maduka ni kuandika bei ya kununulia. Mchele ulionunuliwa miezi minne iliyopita kabla bei haijapanda una thamani ya leo, na faida iliyomo ndani yake inatolewa zaka pamoja na mtaji. Kinyume chake pia ni kweli: nguo zilizopitwa na wakati, ambazo hazitauzika ila kwa hasara, ziandike kwa bei hiyo ya hasara. Bidhaa zilizokwisha muda wake wa matumizi hazina thamani, basi zitupe, na wala zisihamie kwenye fungu la maskini.

Vifaa vya kufanyia kazi haviingii: rafu, mizani, friji ya soda, feni, pikipiki ya kubebea mzigo, jengo lenyewe. Mwenye kuuza mafriji anahesabu mafriji. Mwenye kuuza soda hahesabu friji yake. Nyumba ya kupangisha na bodaboda ya kukodisha ziko hivyo hivyo, hazitolewi zaka zenyewe, ila fedha zilizotokana nazo zikakaa hadi mwaka. Kiwanja ulichonunua ili ujenge hakimo. Ulichonunua ili ukiuze bei ikipanda ni bidhaa, nacho kinahesabiwa kila mwaka kwa bei ya siku hiyo hata kama hakijapata mteja.

Kisha fedha. Hesabu droo, benki, na salio la simu. Wakala wa fedha za simu ahesabu floti yake pamoja na taslimu anayoizungushia, kwa kuwa zote mbili ni mtaji wake hata kama hali kitu humo zaidi ya kamisheni. Fedha ulizokwisha kuchanga kwenye kikoba au mchezo ambazo zamu yako haijafika ni zako, ziko mikononi mwa wenzako, kwa hiyo ziandike. Kama ulikwisha kupokea zamu yako na bado unaendelea kuchanga, hapo wewe ndiye mdaiwa. Riba iliyoingia benki itenge kabla ya hesabu. Si mali yako ya kuitolea zaka, na kuitoa yenyewe hakuhesabiki kuwa zaka.

Mzigo wa mali kauli unahitaji swali moja: ukiharibika leo, hasara ya nani? Kama mwenye mali amekuachia umuuzie na kisichouzika anakichukua, ni wake, usiuhesabu. Kama umeununua kwa mkopo na hasara ni yako, ni mzigo wako, na bei yake ni deni juu yako.

Dhahabu ya mke ni ya mke. Mume haichanganyi na duka lake. Kwa Shafi, mapambo ya halali anayoyavaa mwanamke kwa kiasi cha kawaida hayana zaka. Kwa madhehebu ya Hanafi yanayo yakifikia nisabu. Bangili zilizofungwa kabatini kama akiba ya siku ya shida zina zaka kwa wote. Kuzipima, zidisha gramu kwa karati kisha gawanya kwa 24: gramu 100 za karati 21 zina dhahabu safi gramu 87.5. Mali ya yatima au mtoto nayo kwa Shafi inatolewa zaka, na mwenye kuitoa ni walii wake kutoka humo humo.

Nisabu: ya dhahabu au ya fedha?

Nisabu ya dhahabu ni mithqali 20, karibu gramu 85. Ya fedha ni dirhamu 200, karibu gramu 595. Zamani za Mtume viwango hivi viwili vilikaribiana thamani. Leo vimeachana mno. Muulize sonara bei ya gramu ya kila moja siku yako ya hesabu, na usitumie ya mwaka jana. Kwa ajili ya mfano tu, tuchukue dhahabu sh. 300,000 kwa gramu na fedha sh. 4,000. Nisabu ya dhahabu inakuwa sh. 25,500,000, ya fedha sh. 2,380,000. Maduka mengi ya mitaani yako katikati ya namba hizo mbili, kwa hiyo uamuzi wa nisabu ndio unaoamua kama mtu huyu anatoa au hatoi.

Wanazuoni wa sasa wamegawanyika. Wanaochagua dhahabu wanasema mtu mwenye milioni mbili na nusu siku hizi si tajiri. Wanaochagua fedha wanasema ni salama zaidi kwa dini ya mtoaji na ina manufaa zaidi kwa mpokeaji. Sisi tunaona mwenye duka linalojiendesha na kulisha nyumba yake achukue nisabu ya fedha. Kumbuka pia kwamba kwa Shafi mtu anaweza kuwa na nisabu na mali yake isimtoshe: atatoa zaka ya alichonacho, na yeye mwenyewe akastahiki kupewa.

Hesabu yenyewe

Chukua duka lenye haya siku ya tarehe yake. Mzigo wa rafuni na stoo kwa bei ya kuuzia, sh. 6,400,000. Droo, 350,000. Floti na salio la simu, 1,200,000. Benki, 900,000. Madeni ya wateja wanaolipa, 450,000. Michango ya mchezo ambayo zamu haijafika, 600,000. Jumla sh. 9,900,000. Gawanya kwa 40, yaani asilimia 2.5, upate sh. 247,500. Hiyo ndiyo zaka.

Sasa madeni, pande zote mbili. Unayowadai wengine yagawe mafungu mawili. La kwanza ni la mteja anayekiri na anayeweza kulipa, ambaye mwisho wa mwezi analeta: lihesabu sasa. La pili ni la aliyehama mtaa, anayekana, au asiye na kitu: liache, na siku likirudi ulitolee zaka. Shafi wanasema ya miaka yote lililokaa, Maliki wanasema ya mwaka mmoja.

Wanayokudai wengine ndiyo yenye mvutano. Kwa kauli inayotegemewa ya Shafi, deni lililo juu yako halipunguzi zaka ya mali iliyo mkononi mwako. Kwa Hanafi na wengine linapunguza, na wengi wa leo wanaoruhusu kupunguza wanakomea kwenye sehemu ambayo muda wake umefika, si mkopo wote wa miaka mitano. Tuseme duka letu linadaiwa sh. 500,000 na muuza jumla, za kulipwa wiki hii. Ukizitoa, inabaki sh. 9,400,000 na zaka ni sh. 235,000. Tofauti ni sh. 12,500. Mara nyingi ugomvi mrefu wa rai mbili unaishia kwenye kiasi kama hicho, na anayetaka kulala usingizi atoe kile kikubwa. Hatari iko kwingine: mwenye lori la mkopo wa benki anayepunguza deni lote la lori (ambalo halimo kwenye hesabu) dhidi ya mzigo wake wote, akajikuta hana zaka miaka mitano mfululizo huku biashara inakua.

Kisha toa fedha. Kwa Shafi zaka ya biashara hutolewa kwa thamani, si kwa bidhaa zilizomo dukani. Hanafi wanaruhusu bidhaa, na kuna nyumba ambayo kweli gunia la mchele litaifaa kuliko noti. Ila mlango huo ndimo wanamopita wanaotoa khanga zisizouzika na maharage yenye wadudu, nao wanahesabu kwa bei ya kuuzia. Qurani (2:267) imekataza waziwazi kukusudia kutoa kile kibaya ambacho wewe mwenyewe usingekipokea ila kwa kufumba macho.

Ni nani mwenye haki hiyo

Aya ya 60 ya Sura At-Tawba imewataja wanane: mafakiri, masikini, wanaoitumikia zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kukomboa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekatikiwa. Mwenye duka anayegawa mwenyewe atakutana hasa na mafakiri, masikini, wenye madeni na msafiri.

Fakiri na masikini si mtu mmoja. Kama nyumba inahitaji kumi kwa siku ikawa inapata mbili au tatu, huyo ni fakiri. Ikiwa inapata saba au nane, huyo ni masikini. Kwa kipimo hicho, mwalimu wa madrasa mwenye watoto sita, aliyevaa kanzu safi, anaingia. Wapo wasioomba kabisa, ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa kujizuia kwao, na Qurani (2:273) imewataja hao kwa namna ya pekee.

Namna ya kuwapata? Mwenye duka ana kifaa ambacho kamati ya msikiti haina: daftari lake la madeni. Nyumba inayokopa robo ya sukari na nusu kilo ya unga kila siku, ikilipa kwa kusuasua lakini inalipa, inajieleza yenyewe. Ongeza kwa hilo maelezo ya imamu, mjumbe wa mtaa na walimu wa madrasa, hasa kuhusu wajane, wagonjwa wa muda mrefu na wazee waliobaki na wajukuu.

Lakini usifute deni lao ukaliita zaka. Kwa wanazuoni wengi, wa Shafi wakiwemo, kusamehe deni hakulipi zaka, kwa kuwa hakuna kilichotoka mkononi mwako kikaingia mkononi mwake, na zaidi umejiokolea deni lililokwisha kufa. Mpe zaka yake taslimu, bila sharti. Akirudi siku ya pili akalipa deni kwa hiari yake, ni halali. Ukimpa kwa makubaliano kwamba airudishe, hujatoa kitu.

Kijana wa dukani kwako naye anaweza kuwa masikini, na kumpa kunafaa ikiwa ni juu ya ujira wake kamili. Zaka inayoshika nafasi ya mshahara uliocheleweshwa, au inayotolewa ili asihame, imekuwa gharama ya biashara.

Wazazi, watoto na mke, ambao kuwalisha ni wajibu wako, hawapewi kwenye fungu la mafakiri na masikini. Kaka, dada, shangazi, mjomba na binamu wahitaji wanapewa, na ujira ni wa mara mbili: sadaka na kuunga udugu. Mke mwenye mali anaweza kumpa mumewe fakiri, kama hadithi ya Zainab mke wa Abdullah bin Masud inavyoonyesha. Masharifu, ambao ukoo wao unarudi kwa Bani Hashim, hawapewi zaka. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Ngazija, suala hili ni la kila siku, basi wapewe hadiya au sadaka ya hiari. Jirani asiye Mwislamu mwenye shida naye asaidiwe kwa sadaka, wala asiachwe na njaa kwa kisingizio kwamba zaka si yake.

Msikiti, kisima, jengo la madrasa na futari ya pamoja havimo katika orodha hiyo kwa wanazuoni walio wengi, kwani zaka inataka mtu aimiliki. Wapo wa leo waliopanua maana ya njia ya Mwenyezi Mungu, lakini tunaona mwenye kutoa laki mbili na nusu asizimalizie kwenye saruji wakati mtaani kwake kuna nyumba inayolala njaa. Saruji ina wakfu na sadaka zake.

Kiasi cha kumpa mtu mmoja

Sh. 247,500 ukizigawa elfu mbili mbili zinawapitia watu zaidi ya 120, na jioni wote wako pale pale walipokuwa asubuhi. Khalifa Umar bin Khattab amepokewa akisema kwamba mkitoa, toshelezeni. Wanazuoni wa Kishafi, Imamu Nawawi akiwemo, walikwenda mbali kwa undani: mwenye ufundi apewe cha kununulia zana zake, mwenye kujua biashara apewe mtaji unaolingana na biashara yake, muuza mboga kidogo, muuza vito kikubwa. Asiyeweza kazi apewe cha kumtosha.

Kwa asili, Shafi wanataka anayegawa mwenyewe asipunguze watu watatu katika kila fungu aliloligawia. Ukilifuata hilo kwenye mfano wetu na ukalipa fungu moja, ni sh. 82,500 kwa kila mmoja. Mama wa vitumbua aliyesimama kwa kukosa unga, mafuta na mkaa ananyanyuka kwa fedha hizo. Aliyedaiwa kodi ya chumba ya miezi miwili anaweza kupumua. Wenye zaka ndogo wakikutana watano au sita, wakaunganisha, wanaweza kumnunulia fundi cherehani au kulipa deni la hospitali la mtu mmoja hadi liishe. Deni linaweza kulipwa moja kwa moja kwa anayedai, ila mdaiwa aombwe ruhusa kwanza.

Kuifikisha

Nia ndiyo inayoitenganisha na sadaka. Itie moyoni unapotenga fedha au unapozikabidhi: hii ni zaka ya mali yangu. Uliyegawa mwaka mzima bila nia hiyo huwezi kurudi nyuma ukageuza. Mpokeaji hahitaji kuambiwa ni zaka, inatosha ujue kuwa anastahiki.

Usipange foleni mlangoni. Mwaka 2008, huko Pasuruan nchini Indonesia, wanawake 21 walikufa wakikanyagana kwenye ugawaji wa zaka nyumbani kwa mtu. Aprili 2023, siku za mwisho za Ramadhani, zaidi ya watu 70 walikufa mjini Sana'a, Yemen, kwenye msongamano wa kugawiwa fedha na wafanyabiashara. Hata pasipo kifo, foleni inampata mwenye nguvu ya kusukumana na mwenye uso wa kuomba, huku ajuza na yule mwalimu wa kanzu safi wakibaki nyumbani. Peleka mwenyewe usiku, au mtume mtu mmoja mwaminifu. Wala usipige picha. Masimbulizi na maudhi yanabatilisha thawabu za sadaka (2:264), na picha ya mjane ameshika bahasha inazunguka kwenye simu za watu miaka mingi.

Ukituma kwa simu, ongeza ada ya kutolea juu ya zaka yake. Hakikisha jina linalotokea ni lake, si la mtoto anayeshika simu ya bibi. Uliza pia kama laini ina mkopo wa simu kama Songesha au Fuliza. Fedha zikiingia kwenye laini yenye deni hilo hukatwa papo hapo, na uliyedhani umemtumia chakula umelipa mkopo wake. Mwenye hali hiyo mpelekee mkononi.

Nauli ya mtu uliyemtuma lipa wewe. Fungu la wanaoitumikia zaka ni la waliowekwa na mamlaka, si la rafiki aliyekusaidia kugawa. Zanzibar unaweza kuikabidhi zaka kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwingineko, ukiipa kamati ya msikiti, waeleze kwa maandishi kwamba ni zaka, wasiichanganye na mfuko wa umeme na maji. Fedha ulizozitenga zikaibiwa hali ulikuwa na uwezo wa kuzifikisha mapema, deni lako halijaondoka.

Kwa Shafi zaka hutolewa pale mali ilipo. Ndugu walioko Maskati au Uingereza wanaotuma nyumbani wana rai za wanazuoni wengine wanaoruhusu kuihamisha kwa haja kubwa zaidi au kwa jamaa. Mwenye duka wa mtaani hana sababu ya kuanzia mbali.

Ukiwa na shamba au mifugo pia

Mazao hayasubiri mwaka. Zaka yake ni siku ya mavuno. Kwa Shafi inahusu chakula kikuu kinachowekeka: mahindi, mchele, mtama, kunde na mfano wake. Nisabu ni wasaki 5, karibu kilo 653. Mpunga unaohifadhiwa na maganda yake nisabu ni maradufu, wasaki 10. Shamba la mvua hutoa sehemu moja ya kumi, la kumwagilia kwa pampu au ndoo nusu ya hapo. Magunia 20 ya mahindi ya mvua, toa 2. Gharama za mbolea na vibarua hazipunguzwi. Karafuu na nazi, kwa kuwa si chakula kikuu, kwa Shafi hazina zaka ya mavuno, ila fedha zake zikikaa mwaka zina yake. Hanafi wanatoa kwenye karibu mazao yote.

Ng'ombe 30 wa malishoni hutolewa ndama wa mwaka mmoja, 40 mtamba wa miaka miwili. Mbuzi na kondoo ni mmoja kuanzia 40 hadi 120, wawili hadi 200, watatu hadi 399, na kuanzia 400 mmoja kwa kila mia. Ngamia watano hutolewa mbuzi mmoja. Mchuuzi wa mbuzi wa Idi anahesabu bidhaa, si idadi.

Zakatul fitri ni deni la peke yake, haliingii katika hesabu ya duka: pishi moja ya chakula kikuu cha mji, kilo 2.5 hadi 3, kwa kila mtu unayemlisha, na mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kuchwa. Itoke kabla ya sala ya Idi. Shafi wanataka chakula chenyewe, Hanafi wanakubali thamani.

Miaka iliyopita

Zaka ambayo haikutolewa haifutiki kwa kupita miaka. Chukua risiti za manunuzi, kumbukumbu za simu na taarifa za benki, kadiria mzigo wa kila mwaka kwa tarehe yako ya Hijria, na panapotia shaka elekea juu. Gawanya kila mwaka kwa 40 na uandike jumla. Kama huwezi kulipa yote leo, anza na unachoweza na uweke kiwango cha kila mwezi. Andika deni hilo kwenye wasia na umwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani daftari lilipo, kwa sababu ukifa kabla ya kumaliza, linatolewa kwenye mali uliyoiacha kabla ya warithi kugawana.